Kovu Lililovuka Mpaka

Msomaji mmoja ameandika barua hapa gazetini kusema kwamba yote yaliyonipata niliyataka mwenyewe. Sikatai. Namwomba tu asome ya leo mpaka mwisho, kisha aandike tena.

Kwa aliyekosa wiki zilizopita, nitafupisha. Naitwa Casilda. Nilikuwa fundi wa nguo katika kampuni ya filamu ya Don Hilario Berruezo, pale Madrid. Mume wangu alikufa akaniachia vitu viwili: binti yetu Nieves, na mama yake mzazi, Doña Eulogia. Binti ndiye roho yangu. Mama mkwe ndiye aliyenichoma begani kwa pasi ya moto mwaka wa kwanza wa ndoa, akaapa mbele ya mwanawe kwamba ilimponyoka.

Miaka ile Jenerali alipoitawala Hispania, kampuni kama yetu zilipika kila filamu mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya nyumbani, watu wakiwa na nguo zao mwilini, ili bodi ya ukaguzi igonge muhuri. Ya pili ilikuwa ya kupeleka nje: mahali pale pale, maneno yale yale, nguo chini. Don Hilario alizitengeneza zote mbili na kuzisambaza zote mbili, ya kwanza kwa kumbi za Hispania, ya pili kwa Wafaransa na Wajerumani.

Katika filamu yetu ya mwisho, nyota wetu Violeta Arnau aligoma kuvua. Nikavua mimi badala yake. Ulikuwa mgongo tu, ndani ya hori la kunyweshea nyumbu, asubuhi moja ya baridi. Nieves alikuwa anadaiwa ada, na Don Hilario aliniapia kwamba hakuna Mhispania atakayeuona mgongo ule.

Alisahau mabasi. Kila Jumamosi wanaume wetu walijazana kwenye mabasi hadi Perpignan, Ufaransa, ng'ambo ya mpaka, kutazama walichonyimwa kwao. Muuza dawa wa mji wa Villarmeda, kwao marehemu mume wangu, alikwenda akarudi akisimulia mgongo wenye alama ya ncha ya pasi. Doña Eulogia akasikia. Akavaa nguo zake nyeusi za msiba, akatia rozari mfukoni, akapanda basi lile katikati ya wanaume arobaini. Ana miaka sabini na miwili. Filamu ile aliitazama mara mbili.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja mahakama ya watoto. Sheria ilisema mzazi anayempa mwanawe mfano mbaya anyang'anywe mtoto, na bibi alimtaka Nieves. Wiki iliyopita niliwaacha nikilia kwenye simu, Don Hilario akiniambia nifute machozi, dawa anayo.

Dawa yenyewe ndiyo hii.

Siku ile ya hori, Nemesio, mpambaji wetu, alikuwa amelifunika kovu langu kwa rangi nzito. Maji yakaiosha yote. Mwongozaji alipoliona kwenye kamera akafurahi kama mtoto. Akasema mwanamke wa hadithi yetu, Mariana, lazima awe na kovu lile, litampa historia. Tangu kesho yake Nemesio akawa anampaka Violeta kovu la bandia begani kila asubuhi, kwa gundi na rangi ya waridi, nami nikapanua shingo za blauzi zake zote ili lionekane.

Kwa hiyo hata kwenye filamu ya nyumbani, ile yenye muhuri, Mariana ana kovu.

"Unaona sasa?" Don Hilario aliniambia ofisini kwake, akikoroga kahawa kwa kalamu. "Kovu si lako tena, mwanangu. Ni la Mariana. Tutawaambia Nemesio aliliona kwako siku ya joto, akalipenda, akalinakili kwa Violeta. Bibi kaona rangi, basi. Mgongo wa nani, hatujui. Mimi filamu ya Ufaransa siijui kabisa."

Msidhani alinihurumia. Mahakama ikithibitisha kwamba fundi wake alioga uchi mbele ya kamera yake, bodi ingemfungia milango kabla ya chakula cha mchana. Aliokoa kampuni, na mimi nilikuwa nimefungwa kwenye mkia wa kampuni.

Nikamwambia kuna tatizo. Nemesio alikosea. Alikuwa amelichora kovu langu akilitazama kwenye kioo cha chumba cha mapambo, na kioo kikamgeuzia. Langu liko bega la kushoto. La Violeta alilibandika kulia, na kwenye hori linaonekana langu la kushoto. Mimi niliona siku ile ile, kwa sababu mimi ndiye niliyekata blauzi. Niliwaambia. Walikuwa wameshapiga matukio manne, wakanijibu nani atatazama bega.

Don Hilario aliilamba kahawa kwenye kalamu. Kisha akasema kwamba, basi, kuanzia leo langu nalo liko kulia.

"Kikongwe cha miaka sabini na miwili, ndani ya giza la ukumbi," akasema. "Kushoto, kulia, atakumbuka wapi? Na hakimu hawezi kukuvua blauzi, ni mtu wa kanisani. Wewe apa tu."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema hapana. Yule msomaji wa barua aweke alama hapo.

Tukafanya mazoezi. Yeye akawa hakimu, akakunja uso, akaniuliza bega gani, nami nikajibu la kulia. Akanirudisha mara tano kwa sababu, alisema, macho yangu yalikwenda kushoto kabla ya ulimi kwenda kulia.

Wito wa mahakama ulisema nije na mtoto. Tulipanda treni ya asubuhi, mimi na Nieves, yeye amevaa koti la bluu nililomshonea kwa kitambaa kilichobaki kwenye filamu moja ya mabaharia. Ana miaka tisa. Kila Jumamosi yeye ndiye anayenipaka mafuta kwenye kovu, maana baridi ikiingia ngozi ile hukaza na mkono wangu hauufikii mgongo.

Nikamwambia kwamba leo kuna mchezo. Akiulizwa kovu la mama liko wapi, aseme kulia.

"Lakini liko kushoto, Mama."

"Leo liko kulia."

Akanitazama, akacheka. Amekulia kwenye kampuni ya filamu, mtoto yule. Amemwona mtu akifa asubuhi na kula dengu mchana. Nikafanya sauti nzito ya hakimu, nikamuuliza, akajibu upesi kulia. Tukarudia mpaka kituo cha tatu. Akawa anafurahi kama anayepelekwa sikukuu, anataka nimuulize tena na tena. Tulipofika Villarmeda, penye mahakama, nilimnunulia churros, maandazi marefu ya sukari, akala akijisemea kulia, kulia, huku sukari imemjaa mdomoni.

Nimezaliwa na mama mwadilifu, nikafundishwa katekisimu, na uongo huo ndio niliomfundisha wangu.

Don Hilario alikuwa ameshafika, amevaa suti ya misiba, akiwa na mkanda wa filamu ndani ya makopo matatu. Mahakama haikuwa na mashine ya kuonyeshea, kwa hiyo hakimu akatuhamishia kwenye ukumbi wa sinema wa mji. Tulikuwa wachache kwenye viti vingi: hakimu Don Acisclo na karani wake, Don Hilario, mimi, na Doña Eulogia aliyekaa peke yake mstari wa mbele, fimbo magotini. Nyuma kabisa alikaa Sista Práxedes, mtawa anayesimamia makao ya watoto. Huhudhuria kila kesi ili walionyang'anywa wazazi awachukue siku hiyo hiyo. Nieves aliachwa nje na mkata tiketi.

Taa zikazimwa. Filamu ilikuwa nzuri, nisiseme uongo hapo pia. Don Acisclo alijisahau kabisa. Alikuwa na mbegu za alizeti mfukoni, akawa anazipasua kwa meno na kutema maganda mkononi, na Mariana alipompoteza mchumba wake nilimsikia akivuta kamasi.

Violeta akatokea kisimani, blauzi yangu imemtelemka begani. Kovu likaonekana, kubwa kama mlango. Hakimu akaamuru mkanda usimamishwe, akamuuliza Don Hilario kama ndilo lile.

Don Hilario akaeleza yote kwa utaratibu: siku ya joto, Nemesio, gundi, rangi ya waridi. Akaonyesha muhuri wa bodi. Akasema kampuni yake imetengeneza filamu moja tu ya Mariana, na ni hii.

Kisha mimi nikaapishwa. Don Acisclo akaniuliza kama kweli ninalo kovu kama lile. Nikasema ninalo. Akaniuliza bega gani.

"La kulia, Mheshimiwa."

Macho yangu hayakwenda popote. Don Hilario akashusha pumzi.

Hakimu akacheka. Akamwambia karani aandike kwamba wanaume arobaini wa mkoa huu walisafiri hadi Ufaransa kutazama gundi. Hata Sista Práxedes alitabasamu. Nami, Mungu anisamehe, nikaanza kuwaza treni ya kurudi, na kwamba nitampikia Nieves mayai na viazi.

Doña Eulogia akainuka.

Hakugombana. Aliuliza kwa adabu kama anaweza kusema, hakimu akamruhusu huku akitafuta mbegu nyingine mfukoni.

"Mheshimiwa, filamu hii nimeiona kule mara mbili," akasema. "Mara ya kwanza nililia kwa aibu. Mara ya pili nilitazama. Kule wako wanawake wawili. Mwenye nguo ana kovu kulia, kama huyu. Asiye na nguo analo kushoto."

Don Hilario akasema, kwa heshima zote, mama ana umri mkubwa na ukumbi una giza. Bega si kitu cha kukumbukwa.

"Mimi nalikumbuka," akasema Doña Eulogia. "Alikuwa amenipa mgongo, pale mezani kwangu. Kulia kwake kulikuwa na jiko linawaka. Ningempiga kulia ningeungua mimi. Nilimpiga kushoto."

Hakimu akaacha kutafuna. Akamuuliza kama anasema alimpiga.

"Kwa makusudi, Mheshimiwa. Alikuwa amezidisha chumvi kwenye dengu za mwanangu."

Ndugu zangu, miaka kumi na moja niliyasubiri maneno hayo. Niliyasubiri mezani kwake kila Krismasi. Niliyasubiri siku mume wangu anakata roho akiniomba nimsamehe mama kwa ile bahati mbaya. Mume wangu alikwenda kaburini akiamini iliponyoka. Leo bibi kayasema waziwazi mbele ya sheria, na mtu pekee aliyeumizwa nayo ni mimi.

Nilimtazama hakimu, nikitegemea. Don Acisclo akakunguta maganda kwenye joho lake. Akasema mambo ya jikoni kati ya mkwe na mkwe hayako mbele yake, ila ushahidi wa mtu aliyeshika pasi mwenyewe hana budi kuupa uzito. Karani akaandika.

Likabaki neno lake na langu. Don Hilario akawa amekwisha kutia makopo yake kwapani. Hapo Doña Eulogia akasema kuna mtu anayelijua kovu lile kuliko sisi wote, anayelipaka mafuta kila Jumamosi. Wakati ule nilipokuwa bado namwandikia barua za heshima, mimi mwenyewe ndiye niliyemsimulia.

Wakamwita Nieves.

Aliingia ameshika kofia. Taa za ukumbi zilikuwa zimewashwa, na nyuma yake Violeta alikuwa bado amesimama kwenye pazia jeupe, mkubwa, hafumbi macho. Hakimu akainama, akalegeza sauti, akamuuliza kama anajua kusema uongo ni dhambi. Akasema anajua. Akamuuliza kovu la mama liko bega gani.

"Kulia," Nieves akajibu, upesi, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, kama nilivyomfundisha.

Nilitaka kumkumbatia. Hakimu akaketi sawasawa. Akamgeukia Doña Eulogia akiwa na uso wa mtu aliyechoka, akaanza kusema kwamba mtoto amemaliza shauri.

Bibi alikuwa ameshamfikia mjukuu wake. Akamtengeneza ukosi wa koti, polepole, akamsifu kwamba ni mrembo na ana sauti nzuri. Nieves akatabasamu. Hajawahi kuambiwa neno tamu na yule mwanamke.

"Umejibu vizuri sana," bibi akamwambia. "Kama waigizaji wenyewe. Nani kakufundisha?"

"Mama," akasema mwanangu. "Tulifanya mazoezi kwenye treni."

Akanigeukia kuona kama nimefurahi.

 Don Hilario ndiye aliyesimama kwanza. Alisema, tena kwa kiapo, kwamba kampuni yake nayo imedanganywa. Alisema mimi nilikuwa fundi tu, na kama kuna wahuni walioiba blauzi zake na maandishi yake wakapiga picha chafu na mwanamke yule, yeye ndiye wa kwanza kudhulumiwa. Atawashitaki. Hakunitazama. Alimwomba hakimu ruhusa ya kuondoka na makopo, kwa sababu filamu ilikuwa ionyeshwe mji mwingine kesho.

Alipewa ruhusa.

Don Acisclo akanivulia miwani. Akasema alikuja hapa kuamua juu ya mgongo, jambo ambalo pengine angelisamehe kwa mjane mwenye shida. Sasa anaona mama aliyempeleka mtoto wa miaka tisa mahakamani akiwa amemkaririsha uongo. Kama kuna mfano mbaya, akasema, ameuona kwa macho yake. Lakini hatatoa hukumu kwa kubahatisha. Sista Práxedes anipeleke chumba cha nyuma, anivue blauzi, arudi aseme ni bega gani. Ikiwa ni kushoto, nimeapa uongo, na nitatoka hapo na polisi.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mabango ya zamani. Sista akafunga mlango. Nikafungua vifungo mwenyewe. Nilishavua kwa ajili ya Don Hilario kwenye baridi ya hori la nyumbu, sikuona kwa nini nitetemeke kwa mtawa.

Akalitazama kushoto. Akaliwekea kidole, kidole cha baridi, akafuata umbo lake kutoka msingi mpaka ncha, kama mtu anayepima kitambaa.

"Pole," akasema. Ilikuwa pole ya kwanza tangu lile kovu linipate, nami nikaanza kulia kama mjinga.

Kisha akaniambia nisikilize, hatuna muda. Akirudi akasema kushoto, mimi jela na mtoto kwa bibi yake leo hii. Lakini neno lake pale ni sheria, hakuna mwingine atakayenivua. Anaweza kusema kulia. Mtoto atakuwa amesema kweli, mimi nitakuwa nimeapa kweli, bibi atakuwa kikongwe aliyechanganyikiwa.

Nikamshika mikono nikambusu.

"Sijamaliza," akasema. "Uongo wangu mimi nitaujibu kwa Mungu, kwa hiyo siutoi bure. Utamwambia hakimu kwamba wewe mwenyewe, kwa hiari yako, unatukabidhi Nieves. Atalala kwetu, atasoma kwetu, atavaa shela ya utawa kwetu. Hutakuja kumwona. Mama wa filamu hafai mlangoni kwetu."

Nilimwomba. Nilipiga magoti juu ya mabango. Nikamwambia mimi ni fundi, nitawashonea bure hadi nife, anipe hata Jumapili moja kwa mwezi. Alinijibu kwa upole kabisa kwamba nifunge vifungo, hakimu ana njaa.

Ukuta wa chumba kile ulikuwa wa mbao. Upande wa pili niliwasikia wamekaa karibu, bibi na mjukuu. Nieves alikuwa anamuuliza kama alijibu vibaya, mbona Mama kapelekwa. Bibi akamwambia hapana, amejibu vizuri, na kuanzia sasa ataishi kwenye nyumba kubwa yenye jiko lenye joto.

"Kushona mama yako anajua, nimeona koti lako," Doña Eulogia akasema. "Kupiga pasi je? Hujui? Usijali, mjukuu wangu. Nitakufundisha mimi."

Sista Práxedes alikuwa ameshashika kitasa.

"Haya," akaniuliza. "Niseme bega gani?"